Muhogo Katika Shimo la Nne

Mama yangu anasemaka mimi nilizaliwa bila matako, maana sijui kukaa. Ni kweli. Hata sasa ninaandika haya nimesimama, daftari juu ya meza ya kibanda changu hapa Baraka, mguu mmoja ndani na mwingine nje, sikio barabarani. Kibanda ni cha kuchaji simu. Nina pano moja ya jua juu ya bati, betri mbili za gari chini ya meza, na nyaya zilizosokotana kama utumbo wa mbuzi. Watu wanaleta simu asubuhi, wanazifuata jioni, na katikati ya hapo kazi yangu ni kungoja. Kungoja kunaniua. Na tangu mambo ya mlimani yatokee, kila gari kubwa likipita kuelekea Lweba ninatoka nje kulitazama mpaka vumbi litulie.

Lweba ndiko kwa mama. Anaishi kule na dada yangu mdogo, karibu na ziwa, ila shamba lake liko juu mlimani, mwendo wa saa moja kwa mtu mwenye magoti mazima. Shamba hilo ndilo habari yangu yote.

Ukipita njiani hutaliona. Utaapa kwamba ni kichaka tu: majani yanafika begani, miiba, mitambaazi, na mawe meupe yanayong'aa kama magamba ya samaki jua likiyapiga. Lakini ndani ya majani hayo kuna mihogo, mingi, ya mwaka mmoja, ya miaka miwili, imetulia chini ya udongo inangoja mwenyewe. Mama ndiye aliyelifanya hivyo, kwa makusudi. Miaka ile ya kukimbiakimbia, watu wenye bunduki walipokuwa wanapita, aliona kwamba shamba lililopaliliwa vizuri ndilo linalovunwa na wengine. Akaacha kupalilia. Muhogo hauna haraka, unakaa ardhini hata miaka miwili. Alikuwa anapanda mlimani kwa njia tofauti kila mara ili asiweke alama ya njia, anachimba wa siku mbili tatu, anashuka. Majirani walimcheka, eti mama huyu ni mvivu. Akawaacha wacheke. Sisi tulikula.

"Muntu akiuliza," alitufundisha mimi na dada yangu tukiwa wadogo, "ku mulima hakuna kitu. Mumesikia?"

Tulisikia. Ndiyo somo la kwanza nililolijua kwa moyo, kabla hata ya Baba Yetu.

Vita vilipopoa kidogo, mama hakubadilisha. Alichobadilisha ni kimoja: alimpa nusu ya chini mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, aliyefika na watoto na jembe lisilo na mpini. Yule naye akajifunza kulima kichakani. Wakawa wawili wa kucheka wanaowacheka.

Sasa sikia nilichofanya.

Siku moja magari mawili meupe yalisimama mbele ya kibanda changu. Mkubwa wao alishuka, mtu mnene, mpole, kofia kichwani, jasho kama maji. Alitoka Kinshasa. Alisema Kifaransa na Lingala, Kiswahili hakuna. Alitaka kuchaji simu. Nilimjibu kwa Kifaransa, maana mimi nilimaliza sekondari, akafurahi kama mtu aliyekuta ndugu ugenini. Akavuta kiti, akaanza kunieleza. Walikuwa wanatafuta mawe ya betri. Dunia imechoka na moshi, alisema, sasa wanataka magari yasiyokunywa mafuta, wanataka kuweka jua akiba, na bila mawe hayo hakuna betri. Kila nchi kubwa inahangaika kujua itayapata wapi, isije ikabaki inaomba wenzake. Nilitazama betri zangu mbili chini ya meza. Moja ilikuwa imevimba tumbo. Nikacheka. Akaniuliza ninacheka nini, nikasema hakuna kitu, chefu.

Huku kwetu mawe tunayoyajua ni ya dhahabu. Rafiki zangu wote walipanda pikipiki kwenda machimbo ya Misisi. Hata mimi nilikwenda, nikachimba miezi mitatu, nikarudi na kikohozi. Basi habari ya mawe ya betri niliiona safi. Mtu ana kofia, ana nyundo ndogo, ana karatasi, anavaa soksi! Nilitaka kuwa yule mtu. Nilitamani mpaka mikono ikawasha.

Akatoa jiwe mfukoni. Jeupe, lenye magamba yanayong'aa.

Moyo wangu ulipiga paa. Jiwe hilo nililijua tangu utoto, nilikuwa nalikalia mama akichimba.

"Tuna siku chache," akasema chefu. "Tunaanza na milima isiyolimwa. Penye mashamba ni lazima mikutano, orodha ya kila mmea, sahihi za watu wote. Hiyo inachukua majuma. Unajua mlima wenye mawe haya, usiolimwa?"

Nikasema ninaujua.

Mpaka leo najitetea kichwani: si mama mwenyewe alinifundisha? Mgeni akiuliza, mlimani hakuna kitu. Lakini bongo, uongo mtupu! Mama alisema vile ili tule. Mimi nilisema ili nipate kazi.

Nilitangulia Lweba kumwona mama. Nilimkuta anaanika ndagala, vile visamaki vya ziwani, nikamwambia kuna watu wanataka kuchukua mawe kidogo, watachimba mashimo machache, wataondoka.

"Beko na bunduki?"

"Hapana, mama. Beko na nyundo tu."

"Basi bachimbe, papa." Ananiitaka papa, kama bamama wengi huku wanavyowaita watoto wao wa kiume. "Lakini basiguse muhogo yangu. Na weye usibaambie kitu."

Habari za mikutano na sahihi sikumwambia. Aliniambia nisiseme, nikaona amenifungulia mlango. Ona jinsi mtu anavyojidanganya mchana kweupe.

Tulipanda mlimani na chefu. Vijana wa kuchimba walikuwa watano, wa hapa Baraka, waliiona mihogo dakika ya kwanza. Wakanitazama. Nikawatazama. Wakanyamaza, maana nao walitaka malipo ya siku zao. Chefu akasimama katikati ya majani, akashika jani la muhogo kwa vidole viwili. Mtu wa Kinshasa hawezi kukosa kulijua, wanalila kila siku.

"Hii si pondu?"

"Ni mabaki ya zamani, chefu," nikasema. "Watu walikimbia vita. Hawakurudi."

Akavua kofia. Kwa kweli alivua kofia! "Pole sana, ndugu mdogo," akaniambia, akaandika kwenye karatasi. Akaniuliza: kuna anayelima hapa? Hapana. Kuna anayekula kutoka hapa? Hapana. Nilijibu haraka haraka, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, anaogopa kusimama.

Walichimba mashimo saba, kila moja linamfika mtu kifuani, penye mawe meupe. Walijaza vipande kwenye mifuko, wakafunga utepe mwekundu wenye namba kwenye kijiti kando ya kila shimo. Chefu akaniambia watarudi na majibu. Nichunge mashimo, mtu asiguse kitu, na wakirudi nitakuwa mtafsiri wao wa kudumu, labda hata msimamizi. Niliposhuka nilikuwa naimba. Juma hilohilo nilinunua buti za mpira, ndefu, za kijani. Nikawa nazivaa kibandani juani, miguu inapikika, wateja wananizomea.

"Ee, mwenye kampuni! Mvua iko wapi?"

Mvua ilikuja. Ilikuja kwelikweli, siku kumi mfululizo. Mimi nilikuwa Baraka na buti zangu, nikitazama barabara. Kuchunga mashimo sikuchunga hata siku moja.

Hapa inafaa nieleze jambo ambalo kila mtu wa huku analijua. Muhogo wetu hauliwi hivihivi. Unauloweka majini siku tatu nne mpaka ulainike na kuchacha, kisha unaumenya, unautoa nyuzi, unauanika, unautwanga, ndipo upate unga wa bugali. Mama na mwenzake walikuwa wanashuka na mizigo mpaka kijito cha chini, wanaloweka katika vidimbwi vya kugombaniwa, na mara nyingine wanakuta mtu ameshabeba ya kwao. Sasa wakapanda mlimani baada ya mvua na kukuta mashimo saba, kuta zimenyooka, udongo wa mfinyanzi hauvuji, yamejaa maji mpaka juu, hatua tano kutoka kwenye mihogo yenyewe. Dada yangu aliniambia baadaye kwamba yule mama wa Burundi alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu.

Wakaloweka. Na ili wasichanganye, wakachukua tepe nyekundu za chefu, wakazifunga kwenye mafungu: namba nne ya mama, namba tano ya mwenzake.

Magari yakarudi. Chefu alinikumbatia. Akaniweka kiti cha mbele, mimi na buti zangu, na tulipotoka mjini akanipa habari: mawe ni mazuri. Nyuma vijana walikuwa wamebeba vijiti vilivyopakwa rangi nyeupe.

"Vya nini, chefu?"

"Mipaka. Tunafunga mlima, tuchimbe kwa kina. Mtu haingii tena."

"Sehemu ya mashimo?"

"Mlima mzima. Tuna bahati, ndugu mdogo. Hakuna mtu, hakuna mikutano."

Kutoka hapo mpaka Lweba nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema sentensi moja. Nilifungua mdomo mara nne. Mara ya kwanza nikasema barabara ni mbaya. Mara ya pili nikamwonyesha ziwa. Mara ya tatu nikakohoa. Mara ya nne dereva akaniuliza kama nataka kutapika, nikasema hapana. Aibu yangu! Mwanaume mzima.

Tulipanda kwa miguu. Karibu na mashimo chefu alisimama ghafla, akaziba pua. Harufu ilikuwa nzito. Akageuka, uso umebadilika rangi, akaninong'oneza: "Kuna maiti?"

Maskini, nilikuwa nimemweleza vita, sasa alikuwa anaviona. Vijana nyuma yetu walianza kucheka, mmoja akalazimika kukaa chini. Tulifika shimo la nne. Maji yalikuwa na povu jeupe, mihogo imejaa tele, na juu ya fungu utepe mwekundu umefungwa vizuri, namba inasomeka.

Chefu hakucheka. "Muhogo huu umetoka wapi?" akauliza.

Kabla sijatunga jibu, sauti ilitoka chini. Mama alikuwa anapanda na kikapu, mwenzake nyuma yake. Ilikuwa siku ya kutoa muhogo. Aliniona, akatabasamu. "Papa, mumefika? Karibuni." Akamsalimu chefu kwa mikono miwili. Kisha akaviona vile vijiti.

"Hizi miti ni za nini?"

"Za mupaka, mama."

"Mupaka ya nini?"

Nilitazama buti zangu. "Ya mulima."

"Mulima yote?"

"Yote."

Mama aliweka kikapu chini polepole. Alikuwa na shamba hilo moja tu, na hilo ndilo lililotuvusha vita. Aliniambia: "Muulize huyu baba. Nani alimuambia hapa hakuna bantu?"

Chefu alikuwa ananingoja. "Anasema nini?"

Ningeweza kudanganya tena. Nasema ukweli, uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa nguo: anasema karibuni, anauliza mmelalaje. Wao wawili wasingejua kamwe. Lakini mama alikuwa ananitazama, si chefu, mimi, na nilijua ameshajua.

"Anauliza nani alikwambia hapa hakuna mtu," nikasema kwa Kifaransa.

Chefu alivua kofia, akaninyooshea nayo kifuani. Mama hakuhitaji mtafsiri wa hilo.

Nilidhani atapiga kelele. Angepiga kelele, ningepona. Aliingia kwenye majani mpaka yakamfunika mabega, akashika shina, akalitikisa, akavuta. Mihogo mitano ikatoka na udongo wake. Akaitupa miguuni mwa chefu. Akang'oa shina la pili. La tatu. Mwenzake naye akaingia, akaanza kung'oa upande wake. Mama yangu, ambaye maisha yake yote aliniambia nisimwonyeshe mtu, aliwaonyesha wote: dereva, wachimbaji, chefu na karatasi yake. Alikuwa analifunua shamba lake kwa mikono yake mwenyewe, anahema, na machozi yalikuwa yananitoka nimesimama kama mti.

"Muambie ahesabu," akasema.

Nikamwambia.

"Muambie batoto yangu bote balikula hapa. Muambie huyu mama na batoto yake beko nakula hapa. Kiisha umuambie hii Kifaransa yako, ile uko nasema naye, ni hii muhogo ililipa école, ile sekondari yako. Muambie. Usiruke kitu."

Sikuruka kitu. Nilitafsiri neno kwa neno, na nilipofika kwenye Kifaransa changu sauti ilikatika, nikaanza tena sentensi kutoka mwanzo. Sijawahi kusema Kifaransa kizuri kama siku ile.

Chefu alichukua karatasi yake, akakata maandishi kwa mstari mrefu, akaandika upya. Alisema sasa ni lazima waanze na mikutano na orodha, au watafute mlima mwingine, wakubwa wake ndio wataamua. Akampa mama mkono. Kwangu alisema kitu kimoja: "Ulipaswa kuniambia." Magari yakaondoka bila mimi.

Nilibaki kubeba muhogo. Mama alijaza gunia, akanitwika, nikashuka nalo, maji yake yanatiririka mgongoni mpaka ndani ya buti. Harufu ilikaa kwenye ngozi siku tatu. Dada yangu alinipa sabuni, akaniomba nikae upande wa chini wa upepo.

Watu wa mawe hawajarudi. Wengine wanasema wamepata mengine bora kwingine, wengine wanasema wanangoja kiangazi. Kwa hiyo natazama barabara. Lakini si hilo linalonikosesha raha zaidi. Mama amepalilia shamba. Lote. Ukipita njiani sasa unaliona, mistari imenyooka, mihogo imesimama hadharani, maana anataka yeyote atakayekuja na karatasi aone kuna mtu. Na yeyote atakayekuja na bunduki ataona vilevile. Nilimuuliza kama haogopi. Alisema anaogopa, akaendelea kulima. Siku za Jumamosi nakwenda kumsaidia, nanyamaza, napalilia.

Mwezi uliopita alikuja bwana shamba mmoja kuangalia ugonjwa wa majani ya muhogo. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, akawa anasema Kifaransa. Mimi nilikuwa pale, nimeshika jembe. Mama aligeuka, akamwita dada yangu aje kutafsiri, dada yangu aliyeishia mwaka wa tatu wa sekondari. Alikuja akifuta mikono. Bwana shamba akasema majani yenye ugonjwa yachomwe. Dada yangu akamwambia mama yakatwe. Nilisikia kosa. Niliweka jembe chini, nikainuka, mdomo wazi.

Mama hakunitazama. Alinionyesha kwa kidole kiti kidogo cha mbao kilichokuwa kando ya shamba.

"Kaa, papa," akasema.

Nikakaa.